Jinsi ya kuutunza mwili bila kuuchukia: ushauri wa fundi cherehani

Mteja akisimama mbele yangu nimpime, kabla futi haijagusa kiuno chake, huvuta tumbo ndani. Karibu wote hufanya hivyo, wembamba kwa wanene, wanaume kwa wanawake. Nimeshona kwa miaka 23 na nimejifunza kusubiri. Nashika futi mkononi, namuuliza habari za nyumbani, naacha aongee. Akishaanza kusimulia, pumzi inatoka, mabega yanashuka, tumbo linarudi mahali pake. Hapo ndipo napima na kuandika. Nikipima mapema, gauni litampendeza mbele ya kioo kwa dakika moja, halafu litambana siku nzima.

Kwenye kona yangu ya kupimia nimesikia mengi. "Fundi, usiitaje hiyo namba kwa sauti." "Nibanie hapa, mwezi ujao nitakuwa nimepungua." Kijana mmoja mwenye kifua chembamba aliniomba nimwekee pedi nene mabegani kwa sababu haoni raha kusimama karibu na wenzake. Bibi harusi mmoja alikuja kujaribisha kwa mara ya mwisho akiwa hajala tangu jana yake, akaanguka miguuni pangu pini zikiwa bado kwenye pindo. Ninawaandikia hao. Ninamwandikia pia mwanamke niliyekuwa nilipofika miaka 34, aliyepanda mizani kila asubuhi na kuiachia namba iamue kama siku yake itakuwa njema.

Yote nitakayosema yametoka kwenye kazi yangu. Nguo isipomkaa mtu, tunafumua nguo. Mtu tunamwacha alivyo, tunarudia kupima, tunashona upya. Mazoezi, chakula na mapumziko navyo vinataka kukatwa kwa vipimo vya mwenye mwili, na kila baada ya muda vipimo hivyo vinataka kuchukuliwa tena.

Mwili wa wastani haupo

Mwaka 1952 mtafiti wa jeshi la anga la Marekani, Gilbert Daniels, alitoa ripoti ambayo fundi yeyote angeielewa bila kufafanuliwa. Chumba cha rubani kilikuwa kimetengenezwa kwa vipimo vya rubani wa wastani. Daniels alichukua vipimo vya marubani 4,063, akachagua vipimo kumi, vikiwemo kimo, kifua na urefu wa mkono, kisha akatafuta ni wangapi wako karibu na wastani katika vyote kumi. Hakupata hata mmoja. Kiti kilichotengenezwa kumfaa kila mtu kilikuwa hakimfai yeyote, na jeshi likaanza kudai viti na mikanda inayorekebishika.

Mimi naona jambo hilohilo kila wiki. Bega la kulia liko chini kuliko la kushoto kwa anayebeba begi upande mmoja. Mkono mmoja umezidi mwingine sentimita moja. Watu wawili wenye kiuno sawasawa, mmoja nyonga zake zinaanza juu, mwingine chini, na sketi moja haiwezi kuwakaa wote. Katika daftari zangu zote sijawahi kuandika vipimo viwili vinavyofanana toka shingo hadi kifundo cha mguu. Kwa hiyo ukichukua ratiba ya mazoezi ya mtu mwingine na kutegemea upate umbo lake, umechukua gauni la jirani ukataka likukae.

Na ile namba ya BMI, yaani uzito kwa kilo ukigawanywa kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe, ina historia inayohusiana na wastani huohuo. Hesabu yake ilitoka kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa mwanahisabati na mtaalamu wa nyota. Alikuwa akimtafuta mtu wa wastani katika umma mzima wa watu, wala hakuwa tabibu anayemhudumia mgonjwa mmoja. Jina tunalolitumia leo lililetwa na mtafiti wa Marekani, Ancel Keys, na wenzake mwaka 1972. Namba hiyo haitofautishi misuli na mafuta, wala haikuambii mafuta yamekaa wapi. Daktari huitumia pamoja na presha, sukari, mzunguko wa kiuno na historia ya familia, na hapo ina kazi yake. Ukiisoma peke yako usiku huku umeshika simu, haikuambii mengi.

Mizani iwekwe mahali pake

Sikuambii uitupe. Nakuambia uelewe inachopima. Uzito wa mtu mzima unaweza kupanda au kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku bila mafuta kuongezeka wala kupungua: ni maji, chumvi, chakula kilichomo tumboni, na kwa wanawake siku zinazokaribia hedhi. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini pamoja na maji, takriban gramu tatu za maji kwa kila gramu ya wanga. Ndiyo sababu mtu akianza kujinyima, siku nne za kwanza mizani inashuka kwa kasi na anafurahi. Akila vizuri siku moja inapanda, anajilaumu. Amekuwa akifurahia maji na kuyalilia maji.

Mimi yangu niliitoa chini ya kitanda nikaiweka juu ya kabati, mahali ambapo lazima nivute kiti kuifikia. Ugumu huo mdogo ulitosha. Siku hizi najipima mara moja kwa mwezi, na miezi mingine napitiliza. Kama daktari amekuagiza ujipime kila siku, kwa mfano kwa sababu ya moyo au figo, mfuate yeye. Kwa mgonjwa wa namna hiyo kilo mbili za ghafla huweza kuwa maji yanayojikusanya, na anahitaji kuhudumiwa mapema.

Badala ya mizani, tafuta vipimo vinavyokuambia mwili wako unaweza nini. Kipimo changu ninachokipenda kinahitaji kiti na saa tu. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani ili kisiteleze. Keti katikati, nyayo zikae sakafuni, kunja mikono kifuani kila kiganja kiguse bega la upande wa pili. Simama mpaka magoti yanyooke kabisa, keti tena, rudia kwa sekunde 30, hesabu umesimama mara ngapi. Usitumie mikono kujisukuma. Kipimo hiki hutumika kliniki kuangalia wazee walio katika hatari ya kuanguka. Kwenye jedwali la CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya mara 12, au mwanamume wa umri huo chini ya mara 14, miguu yake inahitaji kuimarishwa.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 38, nikapata mara tisa. Magoti yalilia, na ilibidi nikae kimya kidogo. Wakati huo mizani ilikuwa ikinipa namba niliyokuwa nimeitafuta kwa miaka. Uzito wa kutamanika, na miguu isiyoweza kuninyanyua kitini.

Andika namba yako mahali, na tarehe. Ongeza vipimo vingine viwili vitatu vya maisha yako mwenyewe: ngazi unazopanda bila kusimama kupumua, muda unaoweza kumbeba mtoto, usingizi wa usiku, kama mgongo unauma jioni. Rudia baada ya wiki sita. Utaona mabadiliko ambayo kioo kingekuficha.

Kuanza kujongea

Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa siku nzima, makondakta walipanda na kushuka ngazi za basi wakikata tiketi. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva, ingawa walikuwa kwenye basi hilohilo. Nilipousoma utafiti huo niliacha sindano nikatazama kiti changu. Saa nane kwa siku, mguu mmoja kwenye kanyagio, shingo imeinama. Mimi nilikuwa dereva.

Sikuweza kuacha kazi niende kwenye mazoezi, kwa hiyo nilitafuta kitu ndani ya kazi chenye kunikumbusha. Nikakipata kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini wa cherehani. Uzi wa chini ukiisha, lazima cherehani isimame. Basi nami nasimama. Najaza bobini nikiwa wima, kisha nakaa na kusimama mara tano, nanyanyua visigino mara kumi, nazungusha mabega, narudi kazini. Kwa siku bobini inaisha mara sita au saba. Jioni nimeshasimama zaidi ya mara thelathini bila kutenga hata dakika moja ya mazoezi.

Wewe tafuta bobini yako. Inaweza kuwa maji yanayochemka, simu ndefu, mlango wa ofisi unaofunga, tangazo katikati ya mechi. Kinachotakiwa ni kitu kinachotokea chenyewe kila siku, ili usitegemee kumbukumbu wala hamasa. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, kila mmoja akiifunga kwenye jambo fulani la siku yake. Muda wa katikati hadi tabia ikajiendesha yenyewe ulikuwa siku 66, lakini kwa wengine zilitosha 18 na kwa wengine ilikadiriwa 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hilo la mwisho ndilo ningependa ulikate ulibandike ukutani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Zamani ilisemwa kila kipande kiwe angalau dakika kumi ndipo kihesabiwe. Sharti hilo limeondolewa. Dakika tatu za ngazi zinahesabiwa. Kuhusu hatua 10,000 kwa siku, namba hiyo ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965 kikiitwa manpo-kei, yaani kipimahatua elfu kumi. Ukizifikia, vizuri, ukiishia 6,000 umefanya jambo kubwa kwa moyo wako.

Mwendo wa wastani utaujua kwa mdomo wako: unaweza kuongea sentensi nzima ila huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza kasi. Ukishindwa kumaliza sentensi na ndiyo kwanza unaanza, punguza.

Kwa misuli, nina siku zangu mbili, Jumanne na Ijumaa, robo saa tu. Nasimama na kuketi mara kumi. Nasukuma ukuta: viganja vikae usawa wa kifua, miguu hatua moja nyuma, mwili unyooke kama ubao, shuka taratibu kisha sukuma, mara kumi. Nanyanyua visigino mara kumi na tano. Halafu nabeba jora la kitambaa kila mkono, natembea toka mlangoni hadi dirishani na kurudi, mabega nyuma, bila kuinama upande. Mazoezi yote hayo nayafanya mizunguko miwili. Wewe tumia ndoo mbili au mifuko miwili yenye uzito sawa. Mara mbili za mwisho za kila zoezi ziwe ngumu. Zikiwa rahisi, ongeza uzito au weka mikono chini zaidi, kwenye meza imara badala ya ukuta.

Utaumwa misuli siku moja hadi tatu baada ya kuanza. Hayo ni ya kawaida na hupita. Maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo, maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi kusikoelezeka, acha papo hapo na utafute tabibu. Na kama una ugonjwa wa kudumu au mimba, muulize anayekuhudumia kabla ya kuanza mazoezi makali.

Neno moja kwa wale wanaofanya mazoezi kama kulipa deni. Mteja wangu mmoja alikuwa akikimbia na kifundo kilichovimba kwa sababu alikula keki kwenye sherehe. Kila mara nilipompima alikuwa na kiraka kipya mguuni. Mazoezi yakiwa adhabu, mwili utayakwepa, na siku utakapopata kisingizio utayaacha yote. Chagua jongeo ambalo ungelifanya hata kama lisingekupunguza gramu moja. Mimi ni kutembea alfajiri na dada yangu. Tunaongea njia nzima.

Chakula na mwaka niliojinyima

Nilipokuwa na miaka 34 nilikula mara moja kwa siku kwa muda wa miezi saba. Nilisifiwa sana. Wateja waliniuliza siri. Kile ambacho hawakukiona: nilikuwa nikipiga pasi huku nimejifunika shali kwa baridi, wakati kila mtu chumbani anajipepea. Nilimfokea mwanafunzi wangu kwa sababu ya kifungo. Nywele zilijaa kwenye kitana. Hedhi ilikatika miezi minne, nikajiambia ni uchovu. Usiku niliota ninakula. Daktari aliponiuliza, "Unakula nini kwa siku?" nilichukua muda mrefu kujibu, kwa sababu sikuwahi kulitamka.

Miaka baadaye nilisoma jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1944 na 1945, likiongozwa na Ancel Keys huyohuyo wa BMI. Vijana 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula karibu nusu kwa wiki 24, ili wataalamu wajifunze namna ya kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walihisi baridi, wakawa wepesi wa hasira, wakapoteza hamu ya mambo waliyoyapenda, wakawaza chakula mchana na usiku. Baadhi yao walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Hawakuwa watu dhaifu wala wakosefu wa nidhamu. Ni mwili unavyofanya ukidhani kuna njaa. Nililia nilipomaliza kusoma, kwa sababu miezi ile saba nilikuwa nikijiita mlafi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa chakula ni mfupi. Kula kwa wakati, usingoje mpaka mikono itetemeke. Mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa sana, jamii ya kunde na chakula chenye protini vikae sahanini mara nyingi. Vitamu na vyenye chumvi nyingi vije mara chache, na vikija uvile ukiwa umekaa, bila kujificha. Acha kusema "leo nimekosa" kwa sababu ya chakula. Kama unahitaji kupunguza uzito kwa sababu za kiafya, na wapo wanaohitaji, fanya polepole pamoja na mtaalamu, ukiwa unakula. Na lala. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Aliyelala saa nne huamka na njaa kuliko kawaida, na hana nguvu ya kutembea wala ya kuchagua.

Fumua mshono

Hapa ndipo ninapojua zaidi. Watu wengi wanaochukia miili yao, ukiwaangalia vizuri, wamevaa nguo zisizowatosha. Mshipi unakata tumbo tangu asubuhi, kwapa zinabana, na kila maumivu hayo madogo yanawaambia mwili wao una kosa.

Toa nguo zako zote uzijaribu moja moja. Usizijaribu ukiwa umesimama tu. Keti. Inama kama unafunga kamba za viatu. Nyanyua mikono yote miwili juu. Vuta pumzi hadi mwisho. Kisha tazama kitambaa. Mikunjo inayotoka kwenye kifungo kama miale kuelekea kwapani inasema kifua hakikupewa nafasi. Mistari ya mlalo juu ya mapaja inasema nyonga zinaomba sentimita chache. Mshono wa bega ukipanda kuelekea shingoni, nguo ni ndogo mabegani, na hiyo ni vigumu kuirekebisha, igawe. Mengine mengi yanarekebishika. Geuza nguo ndani nje uangalie ubavuni kama kuna kitambaa cha akiba kilichoachwa nje ya mshono. Ukitoa sentimita moja tu kila upande wa mishono miwili ya ubavuni, umepata sentimita nne za kiuno. Kazi ya dakika ishirini. Nimeona mtu akiingia ameinamisha kichwa, akatoka anapumua, kwa sentimita nne.

Lebo ya saizi usiiamini. Kila kiwanda kina vipimo vyake, na mteja mmoja wangu ana suruali tatu zenye namba tatu tofauti, zote zinamkaa. Ikikuudhi, ikate, mimi hukata bila kuulizwa sana.

Nguo unayoitunza kwa ajili ya siku utakapopungua, iondoe mbele ya macho. Kila asubuhi unapofungua kabati inakukaribisha kwa lawama. Ifunge kwenye mfuko, andika tarehe, na ikipita mwaka mpe mtu au nipe nikate kitu kingine.

Kuhusu picha, nitakueleza nilichokiona kwa macho. Nimewahi kuwavalisha watu kwa ajili ya picha za mitindo. Mbele gauni limekaa kama limemiminwa. Nyuma, toka shingoni hadi kiunoni, kuna vibanio vya chuma saba na pini, na aliyevaa haruhusiwi kugeuka wala kuketi. Taa zimepangwa saa nzima. Picha zaidi ya mia zimepigwa, imechaguliwa moja, na baadaye imepitishwa kwenye kompyuta. Mwenye picha mwenyewe hafanani nayo akirudi nyumbani. Pitia simu yako leo: akaunti ambayo kila ukiifungua unaishia kujigusa tumbo, iache kuifuata. Huhitaji kumweleza mwenyewe sababu.

Maneno ya watu, na ya kwako mbele ya watoto

"Umenenepa!" "Mbona umekonda hivyo?" Wengi wanaosema hivyo hawana nia mbaya, lakini hawajui nani anatoka kuugua au nani amepoteza mimba. Jibu langu huwa, "Nipo, namshukuru Mungu. Habari za kwako?" Nikiulizwa tena nasema waziwazi kwamba sipendi kuzungumzia uzito wangu. Kwa shangazi yangu ilibidi nirudie mara tatu, kwa adabu, nikiwa nimemshika mkono. Sasa anauliza kuhusu magoti yangu.

Binti yangu alipokuwa na miaka tisa nilimsimamisha nimpime sare ya shule. Nilipofungua futi akasema, "Mama, subiri kwanza nivute tumbo." Alilivuta mpaka mbavu zikaonekana, akashika pumzi, macho ameyatoa akiningoja. Nilimuuliza nani kamfundisha. "Wewe ndivyo unavyofanya kwenye kioo." Nilikaa sakafuni na futi mkononi. Sikuwahi kumwambia neno baya juu ya mwili wake hata siku moja; yeye alikuwa amejifunza kwa kunitazama mimi nikijitazama.

Tangu siku ile tuna sheria ya nyumbani: hakuna kuutukana mwili wa mtu yeyote, na mama ni mtu. Sisemi "nimekuwa mbaya" nikijaribu nguo, nasema "hii imenibana, nitaifumua." Namsifu binti yangu kwa anachofanya, kwa namna anavyokimbia, anavyocheka, anavyobeba maji, na simlazimishi kumaliza chakula wala simnyimi kama adhabu. Ilichukua miaka. Kuna wakati, alipofika 13, alirudi kuvuta tumbo, tukaanza tena mwanzo.

Yanapozidi

Kuupenda mwili hakumaanishi kukataa vipimo. Presha haina dalili kwa wengi, sukari nayo hujificha. Pima hata kama unajisikia vizuri na unajipenda ulivyo. Na kuna mambo ambayo ushauri wa fundi hauyatoshi. Kujitapisha baada ya kula. Kula kwa siri kingi mno bila kuweza kuacha. Hedhi kukosekana miezi mitatu bila mimba. Kufanya mazoezi ukiwa umeumia au una homa kwa sababu unaogopa kupumzika. Kijana anayejiona mwembamba ingawa misuli yake imejaa, na anayeanza kutafuta sindano za kuiongeza. Kupungua bila kujaribu. Kukwepa watu kwa sababu ya sehemu moja ya mwili unayoiona mbaya. Nenda kwa daktari au mshauri wa afya ya akili, na kama unaogopa kusema, andika kwenye karatasi umpe asome. Mimi ndivyo nilivyofanya nilipokwenda kwa daktari mara ya pili.

Ukiwa umeacha mazoezi kwa wiki kadhaa, kwa ugonjwa au msiba au kazi, usirudi pale ulipoishia. Rudi na nusu yake. Mwaka huu nililala na homa na kikohozi wiki tatu. Niliporudi kwenye kiti changu niligawa hesabu yangu kwa mbili, nikasimama mara saba, nikanywa maji, nikajaza bobini. Wiki iliyofuata tisa. Juzi nimefika 13, na dada yangu ameshaanza kunigongea mlango alfajiri.